Siku moja Gooseberry Falls: jinsi ya kumpeleka mama, mtoto na chupa ya chai kwenye maporomoko

Mama yangu amekulia Nyahururu, kwa hiyo maporomoko ya maji si habari kwake. Thomson's Falls, mita 74 za maji yanayodondoka kwa mkupuo mmoja, aliyazoea tangu msichana kama wengine walivyozoea kengele ya shule. Alipokuja kututembelea Minnesota na nikamwambia kesho tunaendesha gari kwa muda wa saa tatu na nusu kwenda kuona maporomoko ya mita tisa, alinitazama kama mtu aliyealikwa harusini akaletewa glasi ya maji. Jioni tukirudi, ndiye aliyeuliza tutakwenda tena lini.

Tofauti ni kwamba kule nyumbani unayatazama maji ukiwa juu ukingoni, na ukitaka kuyaona kutoka chini lazima magoti yakubali. Gooseberry Falls, yaliyo ndani ya hifadhi ya jimbo kando ya Ziwa Superior, hayataki magoti. Unaegesha gari, unatembea dakika chache kwenye njia ya lami, na manyunyu yanakulowesha miwani. Mzee, mjamzito, mtoto kwenye kigari, mtu wa kiti cha magurudumu: wote wanafika mahali ambapo maji yanasikika kifuani. Kwa familia zetu za huku, ambazo kila kiangazi hupokea mgeni kutoka nyumbani na hazijui zimpeleke wapi zaidi ya Mall of America, lile jumba kubwa la maduka, sijaona pa kufaa kuliko hapa. Nimekwenda mara nyingi kiasi cha kukosea karibu kila kinachoweza kukosewa, ndiyo maana naandika.

Kwanza, chagua siku

Mto Gooseberry hautegemei ziwa kubwa la kuulisha juu huko. Unaishi kwa mvua na theluji inayoyeyuka. Maana yake, maporomoko unayoyaona kwenye picha ya mtu si lazima ndiyo utakayoyakuta. Mwishoni mwa Aprili hadi Mei, theluji ikiyeyuka, mto unanguruma na mwamba wote unafunikwa. Agosti ya ukame unaweza kukuta maji membamba yakiteleza kwenye pembe za mawe, na mgeni wako akauliza kwa adabu kama yale makubwa yako mbele. Mvua kubwa ikinyesha, usiahirishe safari kwa zaidi ya siku moja au mbili: siku inayofuata ndiyo siku yenyewe.

Rangi ya maji isikutishe. Ni kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea, na chini ya maporomoko kuna povu. Si uchafu wa kiwanda. Rangi inatokana na majani na mimea inayooza kwenye vinamasi na misitu ya juu, na povu linatokana na hayohayo yakichapwa na maji. Mama aliangalia akasema tu, "Imekosa maziwa."

Kwa watu wengi, mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba ndio wakati bora: majani yamegeuka manjano na mekundu, mbu wamekwisha, hewa kavu. Kasoro ni kwamba jimbo zima linajua hilo. Jumamosi ya majani, maegesho hujaa mapema. Nenda katikati ya wiki ukiweza, au ufike kabla ya saa tatu asubuhi. Juni ni nzuri kwa maji lakini mbu na visubi watakula kwanza kabla hujala wewe. Majira ya baridi kali maporomoko huganda yakawa nguzo za barafu, na kituo cha wageni hubaki wazi. Ila usithubutu bila vyuma vya kuvaa chini ya viatu, na mgeni aliyetoka nyumbani juzi usimfanyie hivyo kabisa.

Pesa: wapi unalipa, wapi hulipi

Hapa watu wengi hutoa pesa bila sababu, au hupata notisi ya faini wakidhani kila mahali ni bure.

Hifadhi za jimbo la Minnesota hazitozi mtu kwa kichwa. Zinatoza gari, kwa kibali kinachobandikwa kwenye kioo. Kwa miaka mingi bei imekuwa dola 7 kwa siku au dola 35 kwa mwaka, na kibali kimoja kinatumika katika hifadhi zote za jimbo. Bei hubadilika, kwa hiyo itazame kwenye tovuti ya Idara ya Maliasili ya Minnesota kabla hujatoka.

Lakini Gooseberry ina jambo lake. Kituo cha wageni ni pia kituo cha kupumzikia cha barabara kuu, kwa hiyo ukiegesha pale hulipi kitu, na maporomoko yote matatu makuu yako hatua chache kutoka hapo. Ukiteremka na gari hadi ufukweni au eneo la kupiga hema, hapo sasa unahitaji kibali. Ushauri wangu: kama mmekuja kuona maporomoko tu, egesha juu uende bila kulipa. Kama una mzee ambaye atataka kuona ziwa bila kutembea hadi huko, au mnapanga kuendelea hadi Split Rock Lighthouse, hifadhi yenye mnara wa taa, au hifadhi nyingine siku hiyohiyo, nunua kibali cha siku, kitawafaa kote.

Kuna njia mbili za kupunguza zaidi. Kila mwaka jimbo hutangaza siku nne ambazo hakuna anayelipia kibali. Na baadhi ya maktaba za Minnesota huazima kibali cha siku saba kwa kadi ya maktaba, kama unavyoazima kitabu. Ulizia tawi lenu. Wengi wetu tunapita mbele ya maktaba kila siku na hatulijui hili.

Njia na chakula

Kutoka Minneapolis shika I-35 kaskazini hadi Duluth, kama kilomita 250. Vuka mji, ingia barabara ya 61, ziwa likiwa mkono wako wa kulia. Baada ya Duluth barabara inagawanyika: ile ya haraka inapita ndani, na ile ya zamani inapita kando ya maji hadi Two Harbors. Kwenda, pita ya haraka, maana asubuhi ni ya maporomoko. Kurudi, kama giza halijaingia, pita ya ziwani. Two Harbors jaza mafuta na mpeleke mtoto msalani. Hifadhi iko kilomita 21 mbele, karibu na alama ya maili 39, lango upande wa ziwa.

Usitegemee simu ikuongoze ukiwa huko. Mtandao unakuja na kuondoka. Pakua ramani nyumbani, na kubalianeni mahali pa kukutana iwapo mtu atapotea: sisi husema "kwenye bendera ya kituo" hata kwa watoto. Na usafiri wa umma usahau. Huko hakuna matatu itakayokupigia honi.

Chakula beba chako. Ndani ya hifadhi hakuna mgahawa wa kukaa ukala wali. Sisi hubeba chapati zilizofungwa kwa taulo, ndengu kwenye chombo cha moto, mayai ya kuchemsha, na chupa mbili za chai, kwa sababu moja haijawahi kutosha. Kama mtachoma nyama, msibebe kuni kutoka nyumbani. Kuni zinasafirisha wadudu wanaoua miti, na sheria inakataza. Nunueni zilizoidhinishwa hukohuko. Pombe hairuhusiwi katika hifadhi za jimbo, kwa hiyo friji ya bia ibaki nyumbani.

Shakwe wa pale ufukweni wana tabia za nyani wa Ziwa Nakuru. Mmoja alimnyang'anya binti yangu chapati akiwa ameishikilia kwa mikono miwili. Kaeni chini ya kibanda, funikeni vyombo, na msiwatupie hata kipande.

Nguo: beba sweta hata kama Minneapolis ni joto la kuvua shati. Ziwa linapuliza hewa ya baridi, na tofauti kati ya Duluth juu kilimani na ukingo wa maji inaweza kukufanya udhani umebadili mwezi. Viatu viwe vya raba vyenye meno. Nimeona watu wakiteremka na ndala, na nimewaona wakipanda wakizishika mkononi.

Ukifika: anza ndani, usianze nje

Kila mtu akishuka garini hukimbilia sauti ya maji. Ingia kwanza kituo cha wageni. Vyoo ni safi, na ramani za karatasi hutolewa pale. Waulize wahudumu wa zamu swali moja tu: kuna njia iliyofungwa leo? Mafuriko na barafu huharibu ngazi na madaraja, na ramani ya mwaka jana haijui.

Kisha fuata njia ya lami. Ni fupi, pana, na ina mahali pa kukaa. Hapa ndipo panapohitaji neno langu kubwa kuliko yote: panga siku kwa mwendo wa yule mtu wa polepole kuliko wote. Mara ya kwanza tulikwenda kama kikosi, vijana mbele na mama nyuma, na kila tulipofika mahali tulikuwa tumemaliza kupiga picha yeye anafika, nasi tunaondoka. Aliona migongo yetu kuliko maji. Mara ya pili tulimweka mbele. Alisimama alipotaka, sisi tukasimama, na ndipo nilipoona mambo ambayo sikuwahi kuyaona: mierezi inayoshikilia mwamba kwa mizizi mitupu, na jinsi maji yanavyoingia kwenye ufa mmoja na kutokea kwingine.

Maporomoko ya Kati ndiyo utakayoyakuta kwanza, na ndiyo yanayopendwa kupigwa picha. Mto unatanuka juu ya jukwaa la mwamba mweusi kisha unaanguka kwa upana. Mwamba huo ni lava. Miaka bilioni 1.1 iliyopita ardhi ya hapa ilianza kupasuka, ikamwaga lava tabaka juu ya tabaka, halafu upasukaji ukakoma. Nilipomweleza mama hayo, nikamwambia ni jambo la aina ileile linaloendelea kwetu kwenye Bonde la Ufa, ila hapa lilianza na kuishia njiani. Akasema kwetu lisiharakishe.

Kutoka hapo geuka upande wa juu, ukipita chini ya daraja la barabara ya 61. Kuna kijia cha waenda kwa miguu kilichoning'inizwa chini ya daraja lenyewe. Malori yanapita juu ya kichwa chako na mto chini ya nyayo zako. Watoto wanakipenda kuliko maporomoko. Ng'ambo yake unayaona Maporomoko ya Juu, yenye urefu wa kama mita tisa, yakiwa yamejibana kwenye korongo.

Karibu na hapo utaona ukuta mrefu wa mawe ya rangi mbalimbali unaoshikilia ukingo. Usiupite hivihivi. Ulijengwa na vijana wa kikosi cha ajira cha serikali ya Marekani, CCC, waliofanya kazi hapa kati ya 1934 na 1941, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi ambapo mshahara wao mwingi ulitumwa nyumbani kwa wazazi. Watu huuita kasri la hifadhi, na una urefu wa karibu mita 90. Mtu yeyote ambaye amewahi kupita dirisha la kutuma pesa kila mwisho wa mwezi atauelewa ukuta huo bila kibao.

Maporomoko ya Chini yako upande wa ziwa, na huko kuna ngazi. Hapa mgawanyike: wenye magoti mazuri washuke, wengine wabaki Maporomoko ya Kati na chupa ya kwanza ya chai. Chini mto unagawanyika na kuanguka kwa hatua hatua, na daraja la miguu hukupeleka ng'ambo. Ukivuka unaweza kupanda kwa upande wa pili na kurudi kupitia kile kijia cha chini ya daraja kuu, mzunguko mzima kwa mwendo wa kawaida usizidi saa moja. Nasi, na mama, saa mbili na nusu.

Mawe

Watu watakuwa wamekaa juu ya mwamba katikati ya mto, wamevua viatu, hakuna uzio wala mlinzi wa kupiga filimbi. Uhuru huo ndio utamu wa mahali hapa na ndio hatari yake. Mwamba mkavu unashika vizuri. Mwamba uliolowa, na hasa wenye ukoko wa kijani au mweusi, ni sabuni. Ukitaka kuingiza miguu majini, chagua sehemu tulivu ya chini, kamwe si ukingoni mwa mdondoko. Mtoto ashikwe kifundo cha mkono, vidole huchomoka. Usiruke kwenye vidimbwi hata ukiona wenzako wanaruka, kwa sababu maji ya rangi ya chai hayakuonyeshi jiwe lililo chini. Na mto ukiwa umejaa, kaeni kwenye njia, basi.

Kama bado kuna nguvu

Vijana wakianza kuchoka na mwendo wa wazee, watume Fifth Falls. Ni kama kilomita moja na nusu kupanda kando ya mto kutoka kituoni, njia ya udongo yenye mizizi, si ngumu ila si ya kigari cha mtoto. Watu ni wachache huko, na kipande cha njia kinaungana na Superior Hiking Trail, ile ndefu ya kando ya ziwa. Wape saa mbili, wape maji, wavae suruali ndefu. Dubu na mbwa mwitu wapo katika misitu hii lakini si rahisi kuwaona. Mnyama wa kumhofia ni kupe.

Ziwa liwe la mwisho

Tunaliweka ziwa mwisho kwa sababu ukianza nalo, hakuna anayetaka kuondoka. Mto unaingia ziwani kwenye ufuko wa kokoto unaoitwa Agate Beach, na pembeni yake kuna jukwaa pana la lava ambapo watu hula. Kwa miguu kutoka kituoni si mbali. Kwa gari, kumbuka kibali.

Mkumbushe mgeni anachokitazama. Superior ndilo ziwa kubwa kuliko yote ya maji yasiyo ya chumvi duniani kwa eneo, kama kilomita za mraba 82,000, na linalolifuata ni Victoria letu. Mama alisimama pale muda mrefu akitafuta ng'ambo. "Hili halina viboko?" Halina. Wala halina vuguvugu la Kisumu: hata Julai maji yanakata pumzi, na mtu anayejua kuogelea anaweza kukakamaa kabla hajapiga mikono kumi. Loweka miguu, cheka, toka.

Watoto watatafuta ageti, vijiwe vyenye mistari myekundu na ya machungwa vilivyojijenga ndani ya mapovu ya ile lava ya kale. Ndicho kito rasmi cha jimbo tangu 1969. Inua kokoto juani: ageti hupitisha mwanga, mawe mengine hayapitishi. Ukiipata, piga picha uirudishe, kwa sababu kuchukua mawe kwenye hifadhi za jimbo ni marufuku. Binti yangu alilia. Tulimwonyesha baba mmoja aliyekuwa akimwagisha mwanawe kokoto mfukoni, akanyamaza.

Kuhusu jina: wengine husema ni la mvumbuzi wa Kifaransa Groseilliers, wengine husema limetokana na jina la Waojibwe, wenyeji wa nchi hii. Vyovyote vile ni jina la tunda. Si yale ya manjano yaliyojifunika ganda kama karatasi tuliyokuwa tukichuma shambani. Haya ya huku ni jamii nyingine kabisa, na mama alikataa kuamini hadi alipoyaona.

Kurudi

Ondokeni mapema kiasi cha kufika Duluth kabla ya giza. Jioni kulungu huvuka barabara ya 61 bila kuangalia, na anapovuka mmoja, punguza mwendo, kwa kuwa wa pili yuko nyuma yake. Mkifika nyumbani, kabla ya kuoga, kila mtu akaguliwe kupe: nyuma ya magoti, kwapani, nyuma ya masikio, kiunoni mkanda unapokaa. Kupe wadogo weusi wa huku hueneza ugonjwa wa Lyme. Ukimkuta amejishika, mvute taratibu kwa kibano karibu kabisa na ngozi, bila mafuta wala kiberiti, na andika tarehe. Upele wa duara unaotanuka au homa katika wiki zinazofuata ni safari ya kwa daktari.

Nguo zote ziingie kwenye kikaushio moja kwa moja, joto la juu, dakika kumi. Mama alitaka kuzianika nje.